Moshi wa Njano

Harufu ya siku ile bado ninayo puani, mjukuu wangu. Nilikuwa kijana wa mtaa wa Bel-Air, maneno mengi kuliko kazi. Mama alimenya karanga za kuuza, na maganda yalijaa uani mpaka kuku wakakosa njia. Nikajigamba kwamba nitayageuza makala, yaani makaa ya kupikia.

Niliyashindilia ndani ya pipa la chuma, nikalifunika, nikaacha tundu dogo, nikawasha kuni chini yake. Kwanza ukatoka moshi mweupe, maji ya maganda hayo. Ukafuata wa njano, mzito, wa kuwasha macho. Jirani yetu Baba Ngoie, aliyezeekea kwenye matanuru ya shaba, alipita akaniambia ningoje moshi uwe mwembamba, karibu usionekane. Nikaitikia kwa heshima. Alipopinda kona tu, nikauzima moto. Dada yangu Odile alikuwa karibu kutoka maternité, hospitali ya wazazi, na mtoto wake wa kwanza, nami nilikuwa nimemwahidi makala. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nusura nivunje la mwenzangu.

Maganda yalitoka na rangi ya kahawa, si meusi. Nikayaponda, nikayakanda kwa uji wa muhogo, nikafinyanga madonge, nikayaanika. Kwa macho yalikuwa makala.

Odile alirudi katika baridi ya mwezi wa sita. Akawasha madonge yangu kwenye mbabula, jiko letu dogo la makala, akaiingiza chumbani na kufunga mlango. Mimi ndiye niliyemwambia hayatoi moshi. Nilipopita uani nikaona moshi wa njano ukitambaa chini ya mlango, ule ule wa pipani. Nikausukuma mlango. Odile alikuwa akikohoa, hawezi kusimama. Mtoto hakukohoa wala hakulia. Niliogopa, mjukuu wangu, na woga ule haujaniisha. Nikambeba mtoto nje, Mama akamvuta Odile, Baba Ngoie akampokea, akamgeuza, akamsugua mgongo. Tukangoja. Sijui kwa muda gani. Ndipo akalia.

Tuliporudi kutoka hospitali, Baba Ngoie alivunja donge moja, akaniwekea kiganjani.

“Hii makala iko mubichi,” alisema. “Moshi yenye ulikatala kungojea inje, ulituma mutoto aikunywe mu nyumba.”

Kesho yake nilijaza pipa maganda mengine, na kwa hofu nikarundika kuni mpaka tako la pipa likawa jekundu. Baba Ngoie akaziondoa mwenyewe, bila ukali. “Sasa unapitisha. Moto mukali sana inakula ganda, utabakia na kidogo tu.” Tukakaa wawili, tukautazama moshi mpaka ukafifia.

Nimekuona jana na pipa lako, na usingizi umenikimbia. Basi sikia. Moto mdogo huacha moshi ndani ya ganda. Moto mkali mno hukupunguzia makala. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya makala ni moshi, kwa hiyo uusome usiuharakishe. Hata makala yaliyoiva usiyafungie chumbani, maana hayo huua bila moshi na bila harufu. Na ukiitikia neno la mkubwa, litende hata akishapinda kona.

Mtoto yule aliyechelewa kulia ndiye mama yako. Mungu aliyemrudishia pumzi akulinde nawe, moto wako uive kwa wakati wake, na nyumbani mwako asikosekane wa kulia na wa kucheka.