Kofia Juu ya Kichwa cha Kulungu

Norbert Wachholz alikuwa fundi wa matrekta mwaka mzima, isipokuwa zile siku tisa za Novemba ambapo sisi watu wa kaskazini mwa Wisconsin huacha kazi zetu na kuingia msituni kuwinda kulungu. Siku hizo yeye ndiye aliyekuwa hakimu wetu. Madume wenye pembe hawakuhitaji hakimu, kwa maana pembe kila mtu huziona. Shida ilikuwa majike. Jimbo lilitupa vibali vya kuwapunguza, kwa kuwa wakizidi humaliza miche ya mierezi na kufa njaa theluji inapokuwa nzito. Lakini yupi apigwe na yupi aachwe, hilo tulimwuliza Norbert.

"Usimpige aliye peke yake," alituambia kila mwaka, akikoroga kahawa yake kwa mpini wa kisu. "Akiwa peke yake kila mnyama ni mkubwa. Ngoja watoke wawili watatu, uwapime. Itazame pua. Ya mama ni ndefu, ya mtoto ni fupi. Na yule anayetangulia wenzake mwacheni, ndiye anayeijua njia ya kwenda kwenye mierezi baridi ikizidi."

Kosa tuliloliogopa ni kumpiga mtoto dume ukidhani ni jike, kwa sababu pembe zake bado ni vinundu viwili vilivyojificha chini ya manyoya. Kambini kwetu aliyekosa hivyo alikatwa pindo la shati, kipande kikaandikwa jina lake na kupigiliwa msumari ukutani, juu ya jiko la kuni. Vilikuwapo vipande vinne. Cha nne, chenye miraba ya kijani, kilikuwa cha Dale, mume wa Lorna, binti pekee wa Norbert.

Dale alikuja msimu mmoja tu, akiwa bwana harusi wa miezi mitano. Norbert alimkata shati mwenyewe, nasi tukacheka kama ilivyo desturi. Kisha, mkasi ungali mkononi, akasema, "Mtu asiyeweza kumtambua mtoto na mama yake, sijui nimempaje binti yangu." Tukacheka tena. Dale naye alicheka, lakini masikio yake yalikuwa mekundu. Mwaka uliofuata alisema ana kazi. Akasema hivyo miaka kumi na miwili.

Msimu ninaousimulia, Norbert alikuwa na miaka sabini na sita. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, naye hakumwambia mtu. Asubuhi ya pili nikausikia mlio wa bunduki kutoka upande wa dungu lake, kile kichanja cha mtini anachokalia mwindaji, nikashuka kutoka langu, nikaenda kumsaidia kuburuta nyama.

Nilimkuta amepiga magoti katika theluji. Kichwa chake kilikuwa wazi katika baridi ile, kwa kuwa kofia yake ya rangi ya chungwa alikuwa amekifunika nayo kichwa cha mnyama.

"Jike?" nikamwuliza.

"Jike," akajibu, bila kuniangalia.

"Walikuwa wangapi?"

Akaiweka sawa ile kofia. "Wengine walikimbia."

Katika theluji ile ya asubuhi palikuwa na nyayo za mnyama mmoja tu. Nikashika mguu kuburuta, na mzigo ukaja kwa mkono mmoja, mwepesi kama gunia la majani. Nami, niliyekuwa rafiki yake tangu shuleni, sikusema neno. Nilijiambia kwamba huo ulikuwa upole.

Tukauacha mzoga nje, nyuma ya rundo la kuni, kofia ikiwa palepale. Ndani, Virgil, jirani yetu mwenye ng'ombe wa maziwa, alikuwa akikaanga soseji na kabichi chachu.

"Haya, hakimu amepata!" akapaza sauti. "Mimi nimetazama majike wawili saa nzima, nikawaacha waende. Nikasema, ningekuwa na macho ya Norb! Huyu bwana hajakosea tangu tunyoe ndevu za kwanza. Vua koti, mzee, ule."

Norbert hakuvua koti. Alikaa akiitazama sahani hadi mafuta yakaganda. Kisha akasema polepole, "Mkasi uko wapi?"

"Wa nini? Soseji imekushinda?"

"Ni mtoto, Virgil. Dume. Alikuwa peke yake."

Virgil akaangua kicheko, akijua ni mzaha. Akanitazama mimi, kicheko kikakatika. Norbert alijikata shati mwenyewe, vibaya, akaandika jina lake kwa kalamu ya seremala na kupigilia kipande ukutani. Nyundo ilimponyoka mara mbili. Kisha akakibandua kile chenye miraba ya kijani, akakikunja kwa uangalifu na kukitia mfukoni.

"Nipeleke kwa Lorna," akaniambia. "Barabarani sioni vizuri."

Tulifika mchana. Dale ndiye aliyefungua mlango, taulo la vyombo begani.

"Gari limeharibika?"

"Hapana." Norbert akamnyooshea kile kitambaa. "Nimepiga mtoto. Asubuhi hii."

Dale akakigeuza, akasoma jina lake lililofifia. "Pua yake ilikuwaje, mzee?"

"Fupi. Fupi kuliko ya yule wako."

"Na hukuiona?"

"Sikuiona. Tena nikaificha." Akamtazama Dale usoni. "Lile neno nililokuambia siku ile, Dale, nililisema ili watu wacheke."

"Walicheka," Dale akasema. Akasimama kitambo mlangoni, baridi ikiingia nyumbani mwake. "Vueni viatu. Lorna amesugua sakafu."

Dale hakurudi kambini msimu uliofuata, wala Norbert hakupanda tena dunguni. Alibaki jikoni akipika, na kila aliyemwuliza habari za majike, yeye alimwonyesha kipande chake juu ya jiko. Nami kila nikikitazama huikumbuka ile nyama nyepesi mkononi mwangu, na nyayo za mnyama mmoja, na kwamba siku ile ya Dale nilicheka pamoja na wenzangu mara ya kwanza na ya pili. Ukutani hapana kipande chenye jina langu.