Mlio Ambao Salesio Hakuusikia

Salesio Riungu alizaliwa Kianjokoma, kule juu kwenye majani chai, mwaka uliofuata uhuru. Angali kijana alishuka Embu mjini kujifunza umakanika katika gereji moja ya mabati nyuma ya soko, mahali ambapo watu waligonga bodi za magari kwa nyundo kutwa nzima na hakuna aliyevaa kitu masikioni. Aliipenda kazi ile mno. Alipomwoa Cicily, msichana wa Mbeere, alihamia Siakago karibu na wakwe zake, akafungua gereji yake mwenyewe kwenye barabara ya Ishiara. Cicily naye akajenga kibanda cha chakula ubavuni mwa gereji, akawa anauza muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa, ndengu na chai ya maziwa.

Waliishi hivyo miaka mingi, wakamsomesha binti yao Kaari hadi akawa mwalimu. Kisha masikio ya Salesio yakaanza kumwacha. Sauti za ndege ndizo zilizotangulia kupotea, naye akadhani ukame umewafukuza. Hakumwambia mtu. Kanisani alisimama wengine waliposimama, na mteja akizungumza alimkazia macho mdomoni. Injini alizishika kwa kiganja na kuzinusa moshi, na mara nyingi alipatia. Lakini si kila mara. Kuna pikapu ya watu aliyoifungua injini yote, vipande vikajaa turubai zima, kumbe shida ilikuwa boliti iliyolegea ya egzosi, lile bomba la moshi. Mwenyewe hakuteta, ila hakurudi tena.

Sasa, Ishiara kulikuwa na mchinjaji mmoja aitwaye Idrisi, mtu mcheshi, mwenye tumbo la heshima. Mradi fulani wa maji ulipofungwa na vifaa vyake kupigwa mnada, Idrisi alirudi nyumbani akiendesha kwodi, ile pikipiki ya magurudumu manne mapana. Watu walimcheka, lakini alijua anachokifanya. Mbuzi wazuri wako kwa wafugaji wanaokaa ng'ambo ya makorongo, ambako gari halifiki na pikipiki ya kawaida inazama mchangani. Kwodi ilikwenda kote huko, na mbuzi wawili wakiwa wamefungwa nyuma kama abiria.

Ilimtumikia vizuri hadi ilipoanza kugonga. Asubuhi moja Idrisi aliileta kwa Salesio, akaiacha ikinguruma mbele ya gereji, akasema inatoa mlio mbaya tumboni na kwamba usiku hapati usingizi akiuwaza.

Salesio alichukua bisibisi ndefu, akaisimamisha juu ya injini na kuweka sikio kwenye mpini, kama alivyofundishwa Embu. Alikaa hivyo kwa muda. Hakusikia kitu. Kiganja chake kilihisi mtetemo mzito, basi, na mtetemo ule ungeweza kuwa wa kitu chochote. Akamuuliza Idrisi mlio wenyewe ukoje.

Idrisi akashangaa. "Si huo hapo, fundi?"

Salesio akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyekwisha kuamua. Akasema ni beringi ya konrodi, mkono wa pistoni ulio ndani kabisa ya injini, iliyoliwa, na kwamba lazima injini ishushwe na kupasuliwa katikati. Kazi ya namna hiyo ingemweka Idrisi bila kwodi majuma kadhaa, na bila kwodi hapana mbuzi. Akaizima, akaenda kuketi kwenye benchi la Cicily, akasema afadhali aiuze kama chuma.

Cicily alikuwa akipepeta ndengu. Alikuwa ameyasikia yote, na kwodi yenyewe alikuwa ameisikia tangu ilipokuwa bado barabarani. Aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwa kanga, akaingia gereji alikokuwa mumewe akipanga spana. Alimgusa bega kwanza ili asishtuke, akasimama mahali ambapo mumewe angeuona mdomo wake.

"Baba Kaari," alisema, "hiyo injini hujaisikia."

Salesio aliendelea kupanga spana, ndogo kwa kubwa, ingawa zilikuwa zimepangika. Alikuwa ameiogopa siku hii kwa miaka, na katika mawazo yake ilikuja na kelele na aibu mbele ya watu. Haikuja hivyo.

"Umejua tangu lini?" akauliza.

"Tangu ulipoacha kulalamika redio yangu inapiga kelele."

Alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. Miaka yote hiyo mkewe alikuwa akimsemesha kwa sauti ya juu, akimgeukia kabla ya kuzungumza, na yeye alidhani ni tabia tu ya Wambeere. Akaweka spana chini, akatoka kuiwasha kwodi tena, akamwomba aketi karibu na injini amwambie anasikia nini.

Haikuwa rahisi. Cicily hakujua majina ya vyuma. Salesio akaacha majina hayo, akamuuliza kwa vitu anavyovijua: je, ni kama mchi kwenye kinu, mzito na wa chini, au ni mwepesi? Cicily akasikiliza. Akasema si mchi. Ni kama ndengu zenye vijiwe zikipepetwa, tena upande mmoja tu, na alipoonyesha kwa kidole ulikuwa upande wa kushoto. Salesio akavuta mafuta, injini ikaongeza kasi. Cicily akainua mkono: umenyamaza. Akaachia mafuta. Umerudi.

Konrodi, Salesio alijua, hainyamazi hivyo. Hiyo hugonga zaidi injini inapobeba mzigo. Basi ikabidi wapande mlima.

Waliotuona siku ile sokoni Siakago bado wanasimulia. Nasema waliotuona kwa sababu mimi pia nilikuwa miongoni mwa tuliokimbia nyuma yao kama watoto, ingawa nilikuwa na miaka arobaini. Juu ya kwodi, Salesio mbele kwa ovaroli, Cicily nyuma yake kwa leso ya kichwa, ameshika kiuno chake kwa mkono mmoja. Mkono wa pili alikuwa ameulaza mgongoni mwake. Walikuwa wamepatana: mlio ukija ampige, ukiisha atulie. Wakaushika mlima wa barabara ya Kiang'ombe, injini ikilia kwa taabu, na mkono wa Cicily ukatulia tuli hadi kileleni. Waliposimama juu na injini kubaki ikinguruma taratibu, akaanza kumpiga mgongoni, pa pa pa, huku akicheka, na Salesio naye akacheka, kwa sababu sasa alikuwa anajua.

Ilikuwa cheni ya taimingi, ile ya ndani inayoendesha vali. Ilikuwa imelegea na kucharaza ukuta wa injini kila mwendo ulipopungua. Waliporudi alifungua boliti mbili tu, akakitoa kidude kinachoikaza. Kilikuwa kimeganda kwa mafuta machafu, hakisukumi. Alikiosha kwa petroli, akakinyoosha springi, akakirudisha. Kabla ya kumwita Idrisi alimtazama mkewe, na Cicily akasema hasikii kitu ila injini.

Salesio ndiye aliyemweleza Idrisi, kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba masikio yake yameharibika na kwamba asubuhi alikuwa amekosea. Idrisi alimsikiliza. Kisha akasema, kwa sauti kubwa zaidi kuliko alivyohitaji, kwamba mke wake Sharifa humwambia yeye pia ni kiziwi, na wala hajawahi kufanya kazi gereji.

Baadaye Kaari alimpeleka baba yake hospitali, akapewa kifaa cha kuvaa sikioni. Anakivaa kanisani. Gereji hakitaki, anasema kinapayuka. Huko ana Cicily, ambaye huja na ungo wake, akisikiliza gari za watu na kutafuta maneno. Hawaelewani kila mara. Juzi Cicily alisema trekta moja inalia kama kuku anayetafuta pa kutaga, na Salesio akaketi chini kwenye tairi kuukuu, akamwomba amwigie kuku huyo, polepole, na amtazame usoni.