Mafua ya Mama Wakati wa Kuamia

Juzi rede, mtandao wa simu, ilipokamata huku bara, tunakolinda ghala la dizeli, simu iliniletea ujumbe wa sauti wa mama kutoka Kionga, kijijini kwetu. Habari zote njema: mbuzi kazaa pacha, mnazi wa uani umeanguka bila kumdhuru mtu, mpunga u karibu kuiva. Ila sauti imemkauka, akasema ni mafua. Mafua! Rafiki yangu, mama anamdanganya mtu aliyekulia mpungani.

Udogoni mwangu, mpunga ukianza kutoa masuke, kijiji kizima kilihamia mashambani kuamia ndege wasile mpunga. Kila shamba lilikuwa na dungu lake, jukwaa la miti lenye paa la makuti, na huko juu tuligonga madebe na kupiga kelele tangu alfajiri mpaka jua kuzama. Tulikula muhogo wa kuchoma na samaki mkavu, mikono ikinuka moshi. Wiki moja tu, hakuna mwenye sauti. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alitusikiliza tukisoma kwa kukwaruza, akatukaripia kwa kukwaruza vilevile, maana naye alikuwa na shamba.

Aliyebaki na sauti nyororo ni jirani yetu. Yeye alipanda dunguni na mkeka na mto, akalala. Ndege walishiba kwake, wakahamia kwetu. Jioni, barazani, alisimulia alivyowatimua. Mavuno yakifika, huyoo mlangoni na kikapu. Mama alimpimia pishi moja, na jirani akishampa kisogo mama alisema, "Mtegemea cha nduguye hufa maskini," kwa sauti ya kumfikia. Jirani hakuona haya hata siku moja. Namdharau mpaka leo, wala sifichi.

Basi nikampigia mama, nikamuuliza yuko na nani dunguni. Akasema jirani alikuwa wa kwanza kuvuka mto Ruvuma kukimbilia Tanzania aliposikia milio ya bunduki, na mkeka wake kwapani. Wengine walimfuata. Amebaki anaamia peke yake.

Nilimsihi avuke na yeye, mpunga auache.

"Ndege hawajui kama kuna vita, mwanangu," akanijibu. "Na wewe ukirudi utakula nini, maneno ya jirani?"

Asubuhi yake nilikwenda kwa mkuu wetu wa lindo kuomba ruhusa ya siku kumi. Nilimkuta amelala chali kivulini, kofia usoni, na sahani ya wali pembeni imebaki nusu, nzi juu yake. Nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa.

"Ruhusa ya kufukuza ndege?"

Nilirudi lindoni. Mtu aliyekula wali maisha yake yote bila kujua mpunga unalindwaje, utamweleza nini? Kwetu kijiji kizima kilikuwa kikipoteza sauti ili watu wale. Siku hizi anaipoteza mama peke yake.