Jina la Chini ya Dirisha

Kila asubuhi kabla ya uji huwamwagia watoto wangu wa chekechea vikadi mkekani. Nimevikata kwenye maboksi ya sabuni, na kila kimoja kina jina. Mtoto hutafuta jina lake, akalitundika kwenye msumari, ndipo apewe kikombe. Njaa inafundisha kusoma kuliko mimi.

Mwaka huu kikadi kimoja kilikuwa kikibaki mkekani. Mwenyewe, binti wa miaka minne anayetoka upande wa Mbegani, alikuwa akikiruka kama mtu anayeruka dimbwi. Nikiita jina lile, haitiki. Nikamgombeza, maana subira yangu ni fupi. Akaniambia kwa upole kwamba hilo ni jina la dada yake.

Nami nilijua. Dada yake nilimfundisha mimi, chumba hikihiki. Homa ilimchukua kabla hajaanza darasa la kwanza, na huyu alipozaliwa, bibi yao akampa jina lilelile ili lisipotee. Ndivyo tulivyo huku kwetu, jina la marehemu hurithiwa. Lakini mama yao hakuweza kulitamka. Nyumbani mtoto akaitwa Mdogo tu. Mdogo wa nani, nilikuwa nikijiuliza kwa hasira, kisha hasira ikageuka huzuni. Angeingia darasa la kwanza hana jina la kuitikia.

Kumfundisha kwenyewe nilikuwa naogopa. Alishika chaki kwa mkono wa kushoto, kama dada yake. Alitoa ulimi nje akiandika, kama dada yake. Kuna nyakati niliinua macho nikamwona yule wa kwanza, mwili ukanisisimka mchana kweupe, nikasoma kimoyomoyo aya ninazozijua.

Siku moja nilimkuta amechuchumaa chini ya dirisha, kikadi mkononi. Pale ndipo dada yake alipochora jina lake kwa msumari. Kila mwaka tunapaka chokaa, na kila mwaka mistari inajitokeza tena. Mtoto alikuwa akipitisha kidole herufi moja moja, mara kwenye kikadi, mara ukutani.

"Mwalimu," akasema, "mbona nimeshaandika?"

Nilitoka nje nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Kabla ya likizo wazazi huja kupaka chokaa. Mama yake alifika, akaniamkia shikamoo, nikamwitikia, akaanza ukuta wa mlangoni bila maneno mengi. Nilitaka kumwonya kuhusu dirisha, nikaishia kumkorogea chokaa. Alipofika pale, brashi ikasimama. Chokaa ikamdondokea mguuni, wala hakuifuta.

Mtoto akasogea. Akaokota kipande cha mkaa jikoni kwetu, akarudi, akaandika jina chini ya lile la kwanza, herufi ya mwisho ikaenda upande. Akamwomba mama yake asome.

Mama akakaa sakafuni. Nilidhani atanyanyuka aondoke. Badala yake akaweka kiganja juu ya ile mistari ya msumari, akalitamka jina kwa sauti ndogo. "Huyu ni dada yako," akasema. Kisha akashusha mkono kwenye mkaa, akalitamka tena. "Na huyu ni wewe, mwanangu."

Akalia, nami nikalia. Mtoto akauliza kama leo kuna uji.

Pale chini ya dirisha hapakupakwa.

Shule ilipofunguliwa alikuwa wa kwanza kuokota kikadi chake na kukitundika. Nikaita jina.

"Abee, mwalimu," akaitika, kwa sauti kubwa.

Nilipaswa kuendelea na mtoto anayefuata. Lakini nilibaki na kalamu mkononi, nikisubiri na dada yake aitike.