Geti Bila Reli

Juma lililopita nilipigiwa simu kwamba yule mlinda geti wa reli ya mkonge, nje kidogo ya mji wa Morogoro, amefariki. Wasomaji wangu vijana watauliza: reli gani? Swali zuri. Reli hiyo haipo. Iling'olewa zamani, ikauzwa vyuma chakavu, na mlinda geti akaendelea na kazi yake kama kawaida.

Ilikuwa reli fupi ya shamba, iliyotandikwa enzi za mkoloni ili kubeba marobota ya mkonge kutoka kiwandani hadi stesheni, kwenye reli kubwa. Kichwa cha treni yake kilikuwa kidogo chenye kiburi. Kilipiga honi hata kwa kuku. Shamba likataifishwa, kichwa kikaendelea kupiga honi. Kisha mkonge ukakosa soko, ikaja miaka ya ruksa, ya biashara huria, shamba likauzwa, na mwenye mali mpya akanunua malori. Wafanyakazi wa reli wakaitwa, wakaagwa, wakaenda zao. Mlinda geti hakuitwa. Nadhani alisahauliwa kwa sababu siku hiyo alikuwa kazini.

Alikuwa Mnyamwezi aliyeoa Mluguru wa Mgeta, na walikaa katika nyumba ndogo ya matofali kando ya geti. Nyumba ile ilikuwa ya geti. Geti likiondolewa, nyumba inarudi kwa wenyewe, na yeye na mkewe wanalala nje. Basi akaamua geti lisiondolewe. Kila asubuhi na kila jioni, saa zile zile za treni ya zamani, alilifunga, akasimama katikati ya barabara na bendera nyekundu, akangoja, kisha akalifungua. Barabara ile ndiyo iliyopitisha malori ya mboga za Mgeta kwenda Dar es Salaam. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu, na kama walimu wengi wa miaka ile nilikuwa na mradi. Wangu ulikuwa kabichi. Nimekaa sana juu ya kabichi zangu pale getini, nikimlaani yule mtu hadi sauti ikanikauka.

Siku moja, nikiwa nimekwama pale, walikuja wakubwa, wametumwa kukagua mali za shamba zisizo na kazi tena ili ziondolewe. Kwa bahati mbaya yao, walifika saa ya treni.

"Treni iko wapi?" akauliza kiongozi wao.

"Shikamoo, mkubwa. Bado haijafika."

"Itafika saa ngapi?"

"Hilo wanajua wa treni, mkubwa. Mimi ni wa geti."

Mkubwa akaitazama reli. Nyasi zilikuwa zimeota kati ya mataruma, na mbuzi alikuwa amejilaza juu yake akicheua. Nikajua mambo yamekwisha, nikaanza kufurahi. Lakini mkubwa akageuka nyuma, akaona lori letu, na lori jingine, na baiskeli, na akina mama waliokwisha kutua mabeseni ya njegere na ndizi kutuuzia sisi tuliokwama. Akatikisa kichwa. "Geti lenye foleni kama hii," akawaambia wenzake, "mtaliondoaje? Hamwoni lilivyo na kazi?" Wakanunua njegere, wakangoja pamoja nasi, na lilipofunguliwa wakaondoka wameridhika.

Nilicheka karibu nianguke kutoka kwenye kabichi. Ndipo nikateremka kumsalimia, na tukafahamiana.

"Lakini kwa nini unatutesa, mzee wangu?" nikamwuliza.

"Mwalimu, mimi nikikuhurumia wewe na kabichi zako," akasema, "mke wangu atalala wapi?"

Nikarudi juu ya kabichi zangu. Baadaye watu wa vyuma chakavu walipokuja kuing'oa reli, nao walifika saa ya treni, na wakangoja geti lifunguliwe ndipo waanze kazi.

Tumemzika Jumamosi. Makaburi yako ng'ambo ya geti, na tulipofika pale na jeneza tulilikuta limefungwa. Watani zake Waluguru walikuwa wamejipanga mbele yake na ile bendera nyekundu.

"Hapiti mtu! Mnyamwezi huyu ametungojesha miaka yote, leo na yeye angoje treni!"

Watu wakacheka huku wakilia. Jeneza likatuliwa. Tukasimama sote, hata mtendaji wa kata, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiulizauliza nyumba ile atakabidhiwa nani. Mtani mmoja akapaza sauti: "Na geti tumwachie nani? Hatufungui mpaka tujue!"

Mjane akajitoa mikononi mwa akina mama waliomshika, akaichukua bendera, akatazama huku na huku kwenye nyasi palipokuwa na reli, bila haraka, kama alivyokuwa akifanya mumewe.

"Imeshapita," akasema. "Mbebeni mwenzenu."

Akafungua geti. Mtendaji akavua kofia, akapita pamoja nasi, na hadi tunatawanyika hakuulizia nyumba tena.

Nililia, sifichi. Tumefunga mengi katika nchi hii, viwanda, mashamba, reli, na kila mara tumeambiwa hayana faida. Pengine ni kweli. Nilichojifunza kwa mtu yule ni kidogo tu. Nikikuta geti limefungwa mahali pasipo na treni, siku hizi sipigi honi. Nazima gari, nanunua njegere, na naangalia kando ya barabara nione ni nyumba ya nani.