Kichwa cha Mama na Sindano ya Shingoni

Mkwe hamshiki mama mkwe, wala hamtazami kitandani. Kwetu ziwani hilo halikuwa na mjadala. Mimi, niliyekuwa nimetoka chuo kikuu mwaka huo wa sitini na kitu, nilikuwa na mjadala juu ya kila kitu.

Mama alianguka shambani Karungu, mikono kichwani. Katika hospitali moja ya Homa Bay, daktari Mzungu alimchoma uti wa mgongo na maji yakatoka mekundu: damu ilikuwa imevuja ubongoni. Siku ya tano mkono wake wa kulia ukaanza kulegea. Daktari akaeleza kwamba mishipa ya kichwani, ikiguswa na damu iliyovuja, hujikaza. Isipolegea, mkono utapooza moja kwa moja. Alitaka kuitia ganzi neva ya shingoni inayoiamuru mishipa ijikaze.

"Una hakika itasaidia?" nikauliza.

"Hapana."

Jibu hilo sikuwa nimeliandalia swali.

Dresa wa pekee zamu hiyo, yaani msaidizi wa daktari, alikuwa shemeji yangu, mume wa dada. Alipoambiwa ashike kichwa cha mgonjwa, aliweka trei ya sindano mezani, akageukia ukuta. Daktari alidhani anaogopa damu.

"Shemeji, hii ni sayansi," nikamwambia.

"Basi mwanasayansi ashike," akajibu bila kugeuka. "Kidevu juu. Asimeze, asiseme. Na wewe usiseme, hiyo ndiyo sehemu ngumu."

Nikashika. Sindano ikaingia kando ya koo, upande wa kushoto, maana ubongo wa upande huo ndio unaoongoza mkono wa kulia. Baada ya dakika chache kope ya jicho la kushoto ikashuka, na mboni ikawa ndogo kama punje ya wimbi.

"Daktari, umemharibu!"

"Kope imeshuka?" shemeji akauuliza ukuta.

"Imeshuka!"

"Na shavu lina joto?"

Nikaligusa. Lilikuwa moto.

"Basi dawa imefika penyewe. Kope itapanda ganzi ikiisha. Pumua, bwana digrii."

Mama akakohoa. Ganzi ilikuwa imemkwaruza sauti. "Nani huyu ananishika kichwa kama anachagua tikiti sokoni?"

Kila asubuhi tulirudia: daktari na sindano, mimi na kichwa, shemeji na ukuta wake. Na kila asubuhi niliuliza kama ni sindano inayosaidia, au mkono ungejirudia wenyewe.

"Sijui," daktari akasema. "Tuache, tuone?"

Sikutaka kuona.

Asubuhi ya nne nilikuwa nikimfafanulia daktari kwamba kwa haki tungehitaji wagonjwa wawili, mmoja achomwe, mwingine aachwe, ndipo nilipohisi vidole usoni. Vilikuwa vya mkono wa kulia wa Mama. Vilitetemeka, vilitafuta kidogo kidevuni, kisha vikanibana midomo yote miwili.

"Mbona kimya?" shemeji akauliza, kwa wasiwasi. "Kuna nini huko?"

Sikuweza kumjibu.