Kilio cha Motoni Ijara

Nilikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka, wakati mama yangu alipojifungua mtoto wa kiume kwenye malisho ya Ijara. Alimnyonyesha siku chache tu, mtoto akafa. "Subira," watu wetu walimwambia mama, kisha wakarudi kwa ng'ombe wao. Nikilikumbuka neno lile damu inanichemka.

Kwetu wafugaji, ndama akifa, ng'ombe hubana maziwa. Basi ndama huchunwa, ngozi ikajazwa nyasi na kusimamishwa mbele ya mama yake. Ng'ombe huiramba, maziwa yakashuka. Kazi hiyo alikuwa akiifanya mama yangu mwenyewe, na hakuna aliyemwita mwendawazimu.

Maziwa yalipomjaa kifuani hadi akashindwa kulala, alichukua shuka ya marehemu, akaijaza nyasi kavu, akaifunga kamba na kuiweka kwenye titi. Nilimkuta mchana ndani ya nyumba. Wallahi niliogopa! Shuka ilikuwa imelowa pale ambapo mdomo ungekuwa, na nilisikia kitu kikifyonza.

"Usiogope, hooyo, mwanangu," akaniambia. "Inanipunguzia maumivu tu."

Lakini ayeyo, mamake baba, alikuwa nyuma yangu.

"Unanyonyesha kisicho na roho?" akafoka. "Jini ataingia humo akae! Akimaliza maziwa yako atamtaka na huyu binti!"

"Niachie mpaka yakauke, mama," mama yangu akamsihi. "Hata ng'ombe mnamwachia."

Ng'ombe ndiyo, yeye hapana! Walimtoa nje wakati wa kukamua, watu wote wakitazama. Habiba, jirani yetu, alimshika mikono. Ayeyo akaitupa shuka motoni. Nyasi zilizolowa maziwa zikachemka, na mara kikasikika kilio chembamba, kirefu, kama cha kichanga. Watu wakatawanyika wakisoma Ayatul Kursi. Kuanzia jioni ile mama hakuzungumza na mtu kwa muda mrefu sana. Eti jini amemfunga ulimi.

Siku hizi naishi Garissa, na kisa hicho kimekuwa cha kutishia watoto. Juzi arusini, Habiba, sasa mzee, alikuwa akiwasimulia wajukuu zake. Alipofika pale jini alipolia, nilishindwa kuvumilia.

"Jini gani, eedo?" nikamuuliza, nikimwita shangazi kwa heshima. "Si mama yangu aliyelia?"

"Astaghfirullahi! Mtu mzima halii vile."

"Nilikuwa nimemkumbatia kiunoni. Kilio nilikisikia kwa shavu langu, kikipanda kutoka tumboni mwake. Miaka yote hii mnamwogopa jini, na mama yangu hakuna hata mmoja wenu aliyemwonea huruma!"

Wanawake wakainamia sahani zao. Mjukuu mmoja wa Habiba, msichana, akamgeukia bibi yake.

"Ayeyo, kwani mama yake mlimfanya nini?"

Nikaketi, nikamsubiri Habiba ajibu. Akaomba maji ya kunawa.